Sufu: Toka Mgongo wa Kondoo Hata Triko ya Mtoto

Mwezi wa 6 na mwezi wa 7 ni miezi ya baridi katika nchi ya Lualaba. Mji wa Kolwezi umejengwa juu, zaidi ya mita 1,400 toka usawa wa bahari. Mchana jua huwaka, mbingu hazina wingu, watu huvua makoti. Lakini jua likiisha kushuka, joto la ardhi hupanda upesi na kupotea, kwa maana hakuna mawingu ya kulizuia. Alfajiri wanafunzi huenda shuleni wakiwa wamekunja mikono kwapani. Juu ya uwanda wa Biano baridi hupita hiyo. Asubuhi nyingine majani ya huko huonekana meupe kwa sakitu.

Siku hizo kila nyumba hutafuta joto. Wengine huingiza mbabula ya makala chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Jambo hili ni la hatari kubwa. Makala yakiwaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Aliyelala haisikii. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na mtu hufa katika usingizi wake, wazazi pamoja na watoto. Mahali pa mbabula ni uani. Chumbani joto la kutumaini ni joto la mwili wenyewe, likizuiwa lisitoke. Na vitu vinavyojua kulizuia ni vichache. Kimoja cha vile vilivyo bora ni manyoya ya kondoo, yaani sufu.

Kwa nini sufu huzuia joto? Chukua unyoya mmoja wa kondoo wa sufu, uutazame karibu na dirisha. Hauko wima kama unywele wa farasi. Una mawimbi madogo madogo toka mwanzo hata mwisho. Manyoya elfu yenye mawimbi hayawezi kulala bega kwa bega. Kila moja humsukuma jirani yake, na katikati yao hubaki hewa. Hewa iliyokaa mahali pamoja haipitishi joto upesi. Basi mtu aliyevaa sufu amevaa hewa nyingi na manyoya kidogo. Tena sufu hunywa maji yaliyo hewani, karibu theluthi moja ya uzito wake, na bado mkono ukiigusa haioni kuwa imelowa. Ndiyo sababu mchungaji huvaa sufu kwenye ukungu asitetemeke, lakini aliyevaa pamba iliyolowa hutetemeka.

Mtoto wa Kolwezi atauliza: Basi, kondoo wanaopita njiani Manika na Dilala, mbona hatuwakati manyoya? Ni kwa sababu kondoo wa kwetu hawana sufu. Wana nywele fupi kama za mbuzi. Si kwamba wamepungukiwa. Nchi ya joto yawafaa hivyo. Kondoo wa mwituni wa zamani alikuwa na nywele ngumu nje, na chini yake manyoya machache laini ya wakati wa baridi, ambayo yalianguka yenyewe joto liliporudi. Watu wa Asia ya magharibi walioanza kumfuga waliokota manyoya yale miibani. Kisha, miaka kwa maelfu, walichagua kuzalisha wale waliokuwa na manyoya laini mengi kupita wenzao, hata akapatikana kondoo ambaye sufu yake haianguki, huzidi kukua mpaka akatwe. Kondoo wa namna hiyo asipokatwa huelemewa na mzigo wake mwenyewe. Kwa hiyo kumkata manyoya mara moja kwa mwaka ni kumsaidia, wala hakumwumizi, mkataji akiwa na mkono mzuri.

Aliye bora kwa sufu laini huitwa Merino. Asili yake ni Hispania, na leo makundi makubwa yako Australia. Unywele mmoja wa mtu ni mnene kama manyoya matatu ya Merino, au hata zaidi.

Katika Afrika ya Mashariki kondoo wa sufu huishi kwenye milima ya Kenya, upande wa Molo, wa Nyandarua na wa Nanyuki. Waliletwa huko na walowezi. Mmoja wao, Lord Delamere, aliwaleta Merino Njoro katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, akawapandisha na kondoo wa Wamasai. Majani yalikuwa mengi na mazuri kwa macho, lakini kondoo walikonda, wakafa kwa wingi. Ikambidi kuwahamishia Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, na huko waliendelea vizuri zaidi. Ardhi ya pande zile za Nakuru ina upungufu, na ugonjwa wa kukonda wa mifugo wa pale ulipewa hata jina la Nakuru.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa Kolwezi wapaswa kulijua kuliko watu wote. Ugonjwa wa namna hiyo ulikuwako pia Australia na New Zealand. Kondoo walisimama katika majani hata magotini, wakafa kwa njaa. Mwaka 1935 wataalamu wa Australia walionyesha kilichokosekana: ni kobalti. Kobalti ile ile inayotolewa Kolwezi pamoja na shaba! Kondoo huhitaji kidogo sana, karibu sehemu ya kumi ya miligramu moja kwa siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ndani ya tumbo lake kubwa la kwanza wamo vijidudu visivyohesabika, navyo hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Pasipo vitamini hiyo damu huharibika, kondoo hukataa kula, sufu hukatika. Katika miaka ya 1950 Waaustralia walibuni kidonge kizito chenye kobalti. Kondoo hukimeza, nacho hukaa tumboni kikiyeyuka pole pole kwa miezi mingi.

Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilikuwa ikitoa kobalti Katanga na kuiuza ng'ambo, na leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Siku hizi watu husema juu ya betri tu. Mchimbaji mwenye kutoa jiwe jeusi pale Kolwezi hafikiri kondoo. Hata hivyo kuna nchi ambazo, bila chembe za madini hayo, triko isingefumwa kwa sufu yao.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Manyoya yaliyokatwa hutoka yote pamoja kama blanketi moja, yakiwa na mafuta, jasho, vumbi na miiba. Hayapendezi, na harufu yake ni ya zizi. Kwanza hutandazwa chini, na sehemu chafu za tumbo na miguu hutupwa. Kisha huloweshwa katika maji ya moto yenye sabuni. Huloweshwa tu! Asiyejua huyasugua kama anavyosugua shati, na hapo huharibu kila kitu. Kila unyoya una magamba madogo mno, yamepangwa kama magamba ya samaki. Manyoya yakisuguliwa katika maji ya moto, magamba hunasana, na sufu hugeuka kipande kigumu kisichochanika tena. Wako watu wanaofanya hivyo kwa kusudi, ili wapate kofia na mazulia. Lakini kwa uzi ni hasara. Mafuta yanayotoka katika kuosha huitwa lanolini. Wenye viwanda huyakusanya kwa dawa za ngozi, na wanaosokota sufu isiyooshwa sana hujulikana kwa mikono yao laini.

Sufu ikikauka kivulini huchanwa kwa brashi mbili zenye meno ya waya, moja ikivutwa juu ya nyingine, mpaka manyoya yote yaelekee upande mmoja na kuwa mepesi kama wingu. Asiye na brashi aweza kuyachambua kwa vidole, kidogo kidogo, jioni mbili au tatu. Kazi hii inachukua saa nyingi, lakini ndiyo inayofaa watoto na wazee, kwa maana mtu huifanya huku akizungumza.

Kisha huja kusokota, na hapo ndipo furaha ya kazi ilipo. Chombo chake ni kijiti laini cha urefu wa sentimeta 30 hivi, chenye gurudumu dogo la mti au la kipande cha kibuyu karibu na mwisho wake, na mkato mdogo upande wa pili wa kushikia uzi. Gurudumu hukipa kijiti uzito, ili kikizungushwa kisisimame upesi. Vijiti vya namna hii vilitumika maelfu ya miaka kabla gurudumu kubwa la kusokotea halijafika Ulaya katika karne ya 13. Mkono wa kuume huzungusha kijiti, kikaning'inia na kuzunguka kama pia. Mkono wa kushoto hushika wingu la sufu na kulivuta pole pole. Msokoto hupanda, hukamata manyoya, na mbele ya macho ya msokotaji kitu kisicho na nguvu huwa uzi. Akivuta sana, uzi hukatika na kijiti huanguka. Akivuta kidogo, uzi hunenepa kama funza. Hakuna maneno yawezayo kufundisha kipimo chake. Vidole hukijua baada ya siku kadhaa, na vikiisha kukijua havisahau.

Aliyeona wavuvi wa Lualaba wakitengeneza kamba atafahamu upesi. Mvuvi huviringisha nyuzi za majani juu ya paja lake, mbili mbili, kwa kiganja. Kwanza husokota kila uzi mbele, kisha huziacha mbili zirudi nyuma pamoja. Ndivyo ilivyo kwa sufu. Uzi mmoja peke yake hujikunja na hupenda kufunguka. Nyuzi mbili zilizosokotwa kuume, zikiunganishwa kwa kusokota kushoto, hushikana, kila moja ikimzuia mwenzake asifunguke. Hata shaba iliwahi kufanywa uzi katika nchi hii. Bayeke wa Bunkeya, watu wa Msiri aliyeuawa mwaka 1891, walijua kuvuta waya wa shaba katika matundu ya chuma, tundu dogo kufuata kubwa, hata ukawa mwembamba wa kuzungushiwa juu ya nyuzi za majani. Bangili walizofanya hivyo zinatunzwa katika majumba ya makumbusho hata leo.

Kule Nanyuki, chini ya mlima Kenya, wanawake walianzisha mwaka 1977 chama chao cha kusokota na kufuma sufu ya kondoo wa pale pale. Hupaka uzi rangi za majani, mizizi na maganda ya miti, nao hufuma mazulia na mablanketi. Wengi walianza bila kazi nyingine ya mshahara.

Na Kolwezi, pasipo kondoo wa sufu? Kufuma hakukosekani. Wakati wa Wabelgiji, katika makambi ya Union Minière, wake za wafanyakazi walifundishwa na watawa na walimu wa kike kushona na kufuma nguo za watoto wachanga. Kampuni ile ilichukuliwa na serikali mwaka 1967, lakini mikono haikusahau. Hata leo, mbele ya nyumba za uzazi, mtu ataona mama akingoja zamu yake na sindano mbili mikononi. Wasio na sindano za duka hunyoosha njiti mbili za gurudumu la baiskeli na kusugua ncha zake juu ya jiwe.

Msichana mmoja wa mwaka wa tano, mkaaji wa Manika, alitaka kumfumia mdogo wake, maana mama alikuwa atazaa mwezi wa 7. Akamwendea nkambo yake.

«Nkambo, nifundishe triko.»

«Sufu iko wapi?»

«Sina.»

«Nenda sokoni kwenye mitumba, mwana wangu. Tafuta triko kuukuu, ile watu waliyoikataa.»

Msichana akatoa pesa zake zote, akarudi na triko nyekundu, yenye kung'aa. Nkambo akachomoa uzi mmoja, akauwashia kiberiti mbali na nguo. Uzi ukawaka upesi, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, ukawa punje ngumu nyeusi.

«Hii si sufu. Ni plastiki. Cheche moja ya mbabula ikianguka juu yake, itashikamana na ngozi ya mtoto.»

Msichana akalia, kwa maana pesa ilikwisha. Nkambo hakumkemea. Mwuzaji naye hakuwa na kosa. Nguo nyingi za marobota ni za nyuzi za viwandani, na hakuna aliyemwuliza. Msichana akauza mihogo ya kuchoma juma zima. Safari ya pili aliomba kwanza uzi mmoja uliolegea pindoni, akauchoma pale pale mbele ya mwuzaji. Ukazimika wenyewe, harufu ikawa kama ya nywele zilizoungua, na majivu yakavunjika kati ya vidole. Triko ile ilikuwa ya rangi ya majivu, imetoboka viwiko, na bei yake ilikuwa nusu ya ile nyekundu.

«Eee,» akasema nkambo. «Hii ilitoka kwa kondoo.»

Wakakata mishono ya ubavu na ya mabega, wakatafuta mwisho wa uzi shingoni, wakaufumua wote wakiuzungusha juu ya mgongo wa kiti. Uzi ulikuwa umejikunja kama nywele. Wakauosha kwa maji ya uvuguvugu, wakauanika na jiwe dogo limefungwa chini, na kesho yake ulikuwa umenyooka. Hapo nkambo akamwambia ausokote kinyume kati ya vidole. Uzi ukafunguka, nyuzi mbili zikaonekana. Akafungua na ule mmoja, akabaki na manyoya matupu, marefu kama kidole chake. Hivyo akajifunza kusokota kwa kuanzia mwisho. Vipande vifupi vilivyokatika viwikoni havikutupwa; walivichambua, na nkambo akavisokota upya kwa kijiti cha kibuyu.

Kufuma si kama kusuka mkeka. Katika mkeka majani mengi hupita juu na chini ya mengine, kila moja limenyooka. Katika kufuma kuna uzi mmoja tu, mrefu, unaopita katika vitanzi vyake wenyewe. Sindano ya kushoto hushika vitanzi vya mstari uliokwisha. Ya kuume huingia katika kimoja, huvuta uzi, hupata kitanzi kipya, huacha cha zamani kianguke. Kwa sababu kila kitanzi chaweza kupanuka na kurudi, kitambaa hunyooka juu ya kichwa cha mtoto na kumkaza bila kumwumiza. Lakini kitanzi kimoja kikiponyoka, kilicho chini yake hufuata, na kingine tena, kama mtu ashukaye ngazi. Msichana yule alifumua kofia ya kwanza mara tatu. Ya nne ilikuwa na upande mmoja mpana kuliko mwingine, nkambo akasema yatosha, maana kichwa cha mtoto mchanga nacho si mviringo kamili.

Kofia kama ile haifikii gramu 50. Hata hivyo mtoto mchanga hupoteza joto jingi kwa kichwa, kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili. Mtoto yule alizaliwa usiku wa baridi, akavikwa kofia ya rangi ya majivu, akalazwa kifuani pa mama yake. Mbabula ilibaki uani.

Sufu inajulikana pia katika kanisa. Kila mwaka tarehe 21 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Agnes, wana-kondoo hubarikiwa Roma, na kwa sufu hufumwa palio, mshipi mweupe wenye misalaba sita myeusi. Maaskofu wakuu wa majimbo huuvaa mabegani. Askofu mkuu wa Lubumbashi ni mmoja wao, na jimbo la Kolwezi liko chini ya jimbo lake kuu.

Triko ya sufu yahitaji kuoshwa kwa maji baridi au ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Usiikamue kwa kuisokota. Ikunje ndani ya kitambaa kikavu na kuikandamiza. Usiitundike kambani, maana maji yatavuta mikono yake hata magotini. Ilaze juu ya mkeka, kivulini. Wakati wa mvua, isipovaliwa, hutafutwa na nondo, ambao watoto wao hula sufu. Ianike juani mara kwa mara na kuikung'uta vizuri.

Kazi ya nyumbani. Mwombe mzazi achome uzi mmoja wa nguo yako ya baridi, uani, naye aushike kwa koleo. Tazama moto, nusa moshi, gusa majivu yakiisha kupoa. Andika katika daftari yako kama ni sufu, pamba au plastiki, na kesho ueleze mbele ya darasa umejuaje.